Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza: Karatasi za kambi za vizuizi zirudi Kenya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza,
King Charles Street, London.

Nakala: Mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, Balozi wa Uingereza, Nairobi, Waziri wa Kenya anayesimamia utamaduni na turathi, Nairobi.

MINTARAFU: NYARAKA ZA SERIKALI KUHUSU MATESO NA MAHOJIANO YA MAHABUSU WA HALI YA HATARI NCHINI KENYA, 1952–1960

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni raia wa Kenya, mzaliwa wa Nyeri, mjukuu wa mzee aliyewekwa kizuizini katika kambi za Manyani na baadaye Mwea wakati wa Hali ya Hatari, utawala wa kikoloni ulipokuwa ukipambana na wapiganaji wa Mau Mau. Nakuandikia mbele ya watu wote kwa kuwa njia za pembeni zimekwisha. Serikali ya nchi yangu iliomba karatasi hizi mwaka 1967 ikakataliwa. Iliomba tena miaka ya baadaye, ikarudi mikono mitupu. Familia za mahabusu nazo zimebisha milango mingi, huku nyumbani na huko kwenu. Sitataja ofisi wala afisa. Inatosha kusema kwamba tulijibiwa kwa adabu, tukaelekezwa kwa mwingine, naye akatuelekeza kule kule tulikotoka.

Wazee wanaondoka. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba 1952, sasa amepita miaka 90, kama bado yu hai. Haraka yangu ni hiyo, na ndiyo maana sitazunguka. Nayaweka malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Kila kitu kiliandikwa

Wengi wakisikia habari za kambi hudhani ni mambo yaliyofanywa gizani na watu wachache waliopotoka, bila kuacha maandishi. Sivyo ilivyokuwa. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, wakakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wakawapeleka Langata, Mackinnon Road na Manyani. Watu walipitishwa mbele ya gakunia, yule mtoa habari aliyefunikwa gunia kichwani likiwa na matundu ya macho, na akitikisa kichwa tu, maisha ya mtu yalibadilika. Aliyezuiliwa aliandikiwa amri, akapewa namba, akapangwa daraja: mweupe, wa kijivu au mweusi, kwa kadiri walivyomdhania kuhusu kiapo cha Mau Mau. Aliyekiri alisogezwa kambi kwa kambi kuelekea kwao. Aliyekataa alisukumwa mbali zaidi, Lodwar, Kisiwa cha Manda, Hola.

Hesabu ya utawala wenyewe ilikaribia mahabusu 80,000. Wanahistoria waliozipitia upya takwimu hizo wanasema waliopita kambini walikuwa 150,000, na wengine wanakwenda juu zaidi. Chukua hata ile hesabu ndogo. Kila mtu kati ya hao alihojiwa, mara nyingi zaidi ya mara moja, na kila mahojiano yalikuwa na aliyeuliza, aliyeandika, na mkubwa aliyesoma akaamua mtu huyu aende mbele au arudi nyuma. Huwezi kuendesha mfumo kama huo kwa kumbukumbu ya kichwa. Jaji McCombe wa Mahakama Kuu ya London, alipotoa uamuzi wake Oktoba 2012 katika kesi ya wazee wa Kenya walioishitaki Uingereza kwa mateso, aliona wazi kwamba serikali na makamanda wa jeshi wa wakati ule walikuwa waangalifu sana katika kuweka kumbukumbu.

Babu yangu alirudi nyumbani na makovu mgongoni na majina ya kambi mbili. Hatujui nani alimhoji. Hatujui alishitakiwa kwa jambo gani, wala kwa nini alitolewa Manyani akapelekwa Mwea. Mahali fulani palikuwa na karatasi yenye majibu yote matatu.

2. Wakubwa walijua

Katika majalada yaliyofunguliwa baada ya kesi hiyo ya London, tumesoma tuliyoyasikia wazee wakiyasema kwa sauti ya chini. Eric Griffith-Jones, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa koloni, aliandika mwaka 1953 kwamba hali ilivyo katika vizuizi inakumbusha Ujerumani ya Wanazi na Urusi ya Kikomunisti. Miaka minne baadaye, Juni 1957, mtu huyo huyo akaandaa waraka wa kuhalalisha nguvu zilizokuwa zikitumika katika kambi za Mwea dhidi ya mahabusu waliogoma kukiri. Waraka unaeleza mahali pasipofaa kupigwa, yaani wengu, ini na figo, na unataka mpigaji awe mtulivu, asiongozwe na hasira. Akamwandikia Gavana kwamba kama ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya.

Nilisoma maneno hayo babu akiwa tayari kaburini. Yeye alikuwa Mwea.

Januari 1955 Gavana Baring alimpigia simu ya maandishi Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, kumweleza tuhuma dhidi ya maafisa wanane Wazungu, ikiwemo tuhuma ya Mwafrika mmoja kupigwa na kuchomwa moto akiwa hai. Mwezi huo huo msamaha ulitangazwa uliowakinga askari na maafisa wasishitakiwe kwa yaliyopita. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1954, Kanali Arthur Young, Kamishna wa Polisi aliyetumwa kutoka London, alijiuzulu hata mwaka haujaisha, kwa kuwa aliona hakuna nia ya kweli ya kuwafikisha mahakamani waliowatesa watu. Hakuwa mwanaharakati wala mpinga serikali. Alikuwa mkuu wa polisi.

Halafu Hola, kule kwenye mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu waliokataa kufanya kazi walitolewa nje wakapigwa marungu, na watu 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema vifo vilitokea baada ya mahabusu kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Njia ya mwongo ni fupi: uchunguzi wa miili ulionyesha majeraha, hakimu Goudie akasikiliza ushahidi, na ile habari ya maji ikaporomoka. Julai mwaka huo jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza hadi usiku wa manane. Naomba ulitafakari tukio hili kwa makini, Mheshimiwa. Kama ripoti ya daktari ingepotea, kama kumbukumbu za uchunguzi zingewekwa ndani ya kasha na kufungiwa, leo vitabu vya historia vingeandika kwamba watu 11 walikufa kwa maji Hola. Sijui ni Hola ngapi nyingine ambazo ripoti zake hazikupona.

3. Karatasi zilichomwa kwa utaratibu

Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maagizo kwa makoloni yaliyokaribia uhuru. Serikali mpya zisiachiwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha Serikali ya Malkia, kuwaaibisha polisi, wanajeshi na watumishi wa umma, kufichua watoa habari, au kutumiwa vibaya na mawaziri watakaofuata. Nchini Kenya majalada yaligawanywa mafungu mawili, yatakayorithishwa na yale yasiyopaswa kuonwa. Hayo ya pili yalipigwa mhuri wa herufi W. Aliyeruhusiwa kuyashika ni afisa mwenye uraia wa Uingereza na asili ya Ulaya tu. Karani Mwafrika aliyefanya kazi katika ofisi hiyo hiyo miaka 10 hakuruhusiwa hata kujua kwamba yapo. Jalada likitolewa kwenye rafu, liliweza kuwekwa bandia mahali pake, ili pengo lisionekane.

Maagizo yalieleza hata namna ya kuteketeza. Karatasi zikichomwa ziwe majivu, na majivu yenyewe yavunjwevunjwe. Mahali pasipofaa kuwasha moto, zitiwe ndani ya makasha yenye uzito na kuzamishwa kwenye maji yenye kina kirefu, yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Nimezaliwa milimani, lakini nimekaa Mombasa miaka mingi, na sijui kama nimewahi kulitazama bahari tena kwa macho yale yale tangu nilipoyasoma hayo.

Ninalotaka ulione ni hili: uteketezaji wenyewe uliandikwa. Maafisa walitakiwa kutia sahihi hati za kuthibitisha kwamba jalada fulani limeharibiwa. Kwa hiyo orodha ya vilivyochomwa ilikuwepo, na sehemu yake imesalia. Kwa familia kama yangu, hata kujua kwamba jalada la kambi fulani la mwaka fulani liliteketezwa ni habari. Mtu huacha kutafuta.

4. Zilizosalia zilifichwa kwa karibu miaka 50

Siku chache kabla ya bendera yetu kupandishwa, tarehe 12 Desemba 1963, majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yalisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza. Yalikuja kuishia Hanslope Park, Buckinghamshire, katika jengo linalolindwa la wizara yako. Hayakuwa peke yake. Palikuwa na majalada 8,800 ya makoloni 37, na hesabu ya baadaye ikapanda hadi kukaribia 20,000. Ndugu zetu wa Uganda, Tanganyika na Zanzibar nao wana ya kwao humo.

Yalijulikanaje? Mwaka 2009 wazee watano, Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi, waliishitaki Serikali ya Uingereza mjini London. Wambugu wa Nyingi alinusurika Hola baada ya kuzimia na kulazwa pamoja na maiti. Paulo Nzili alihasiwa. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana mdogo alipofanyiwa jambo ambalo sitaliandika hapa, kwa heshima yake. Hao ndio walioufungua mlango wa Hanslope. Mwanahistoria David Anderson aliieleza mahakama kwamba kuna majalada yaliyoondolewa Kenya na hayajaonekana tena, na mwanzoni mwa 2011 wizara yako ikakiri kwamba inayo. Ripoti ya ndani ya mwanadiplomasia mstaafu Anthony Cary ilionyesha kwamba baadhi ya watumishi walikuwa wakijua muda wote.

Yaani wazee wale walilazimika kuvuka bahari na kueleza aibu za miili yao mbele ya wageni, ndipo wizara ikakumbuka ilichoweka kwenye ghala lake. Na hata baada ya hapo, tuliambiwa kwamba makasha 13 ya nyaraka za siri kuu za Kenya hayaonekani. Makasha 13! Yalikuwa na nini? Nani aliyashika mara ya mwisho?

5. Hoja zenu zinapingana

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Wazee wale walipofika mahakamani, mawakili wa Serikali ya Uingereza walisema kwamba waliowatesa walikuwa watumishi wa serikali ya Koloni ya Kenya, ambayo ilikuwa kitu mbali na serikali ya London, na kwamba dhima yoyote ya serikali ile ilihamia kwa Jamhuri ya Kenya siku ya uhuru. Jaji aliitupa hoja hiyo mwezi Julai 2011. Lakini ilitolewa, kwa jina la serikali yako, kwa uso mkavu.

Sasa niambie, Mheshimiwa. Kama dhima ya mateso ilikuwa ya serikali ya Koloni, na ikarithiwa na Kenya, basi karatasi za mateso hayo nazo zilikuwa za serikali ya Koloni, na Kenya ilipaswa kuzirithi. Mbona zilipanda ndege? Na kama zilikuwa mali ya London kiasi cha kusombwa siku chache kabla ya uhuru, basi na waliozijaza walikuwa watu wa London. Haiwezekani deni liwe letu na daftari la deni liwe lenu.

Tena kuna sehemu ya tatu. Kwa miaka mingi wizara yako ilishikilia kwamba majalada haya si nyaraka za umma za Uingereza kwa maana ya Sheria ya Nyaraka za Umma ya mwaka 1958, na kwa sababu hiyo hayakupelekwa Hifadhi ya Taifa pamoja na mengine. Kenya ilipoyaomba, yakawa ya Uingereza. Raia wa Uingereza walipopaswa kuyasoma, yakawa si ya Uingereza. Mahakama ilipouliza nani anawajibika, tukaambiwa ni Kenya. Wizara moja ilisema yote matatu kuhusu rafu moja ya karatasi.

6. Muda uliopotezwa ulihesabiwa dhidi yetu

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alisimama Bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akasema serikali inasikitika kwa dhati, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Dhima ya kisheria hakuikubali. Mnara wa kumbukumbu ukajengwa Uhuru Park, ukazinduliwa Septemba 2015. Nilikuwepo, na niliwaona wazee wakilia. Sitabeza siku ile.

Lakini Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao baadaye, na mwaka 2018 ikaanguka, kwa kuwa Mahakama Kuu iliona muda uliopita ni mrefu mno, mashahidi wamekufa na kumbukumbu za waliobaki zimefifia. Mwaka 2012 wale wazee watatu waliobaki katika kesi ya kwanza waliruhusiwa kuendelea kwa sehemu kubwa kwa sababu karatasi zilikuwa zimepatikana. Fikiria basi kama zingekabidhiwa Nairobi mwaka 1967 zilipoombwa. Maafisa waliozitia sahihi walikuwa hai, wengi wao bado vijana. Mahabusu walikuwa na nguvu na meno ya kusemea. Miaka iliyoikosesha kesi haki ni ile ile ambayo majalada yalikuwa yamefungiwa na mshitakiwa.

7. Kew ni mbali

Kati ya Aprili 2012 na Novemba 2013 majalada yalihamishiwa Hifadhi ya Taifa huko Kew, katika mfululizo wa FCO 141. Tunashukuru. Ila mama wa Murang'a anayetafuta habari za baba yake anahitaji pasipoti, viza, tiketi, na mahali pa kulala London, kisha ajue kusoma katalogi ya Kiingereza cha wanasheria. Mwaka 2022 majalada yote ya mfululizo huo yaliondolewa kwa muda kwa sababu ya mabaki ya dawa ya wadudu ya zamani, na hata aliyekuwa tayari amefika hakuweza kuyaona.

Najua kuna majibu yaliyo tayari, na ningependa kuyajibu mapema ili tusipoteze barua nyingine.

Utasema kila kitu kimekwisha kufunguliwa. Hapana. Kuna makasha yaliyopotea, na kuna kurasa zilizozuiwa. Mwaka 2013 ilijulikana pia kwamba wizara yako inashikilia mkusanyiko mwingine mkubwa wa nyaraka uliokawia kupelekwa Kew, unaohesabika kwa malaki. Nani amehakikisha kwamba humo hamna ya Kenya?

Utasema usalama na ulinzi wa watoa habari. Aliyevaa gunia mwaka 1954 akiwa na miaka 25 angekuwa karibu na miaka 100. Mbinu za mahojiano za Mwea hazilindi taifa lolote leo.

Utasema gharama. Kupiga picha karatasi 1,500 ni kazi kubwa. Kupiga picha majalada 1,500 ni kubwa zaidi. Lakini serikali iliyomudu kukodi nafasi ya ndege kuyaondoa, na kuyalinda kwa nusu karne, haiwezi kushindwa kuyapiga picha.

Utasema Kenya haina uwezo wa kuyatunza. Hifadhi yetu ya Taifa, pale Moi Avenue jijini Nairobi, ina upungufu wake, na mimi ni wa kwanza kuwalalamikia watu wetu. Hilo linahitaji mashine na mafunzo. Halihalalishi kushika cha mwenzio.

Hoja moja naichukulia kwa uzito kuliko zote, maana inatugusa sisi zaidi yenu: kwamba majina ya homugadi, yaani Waafrika waliobeba silaha upande wa utawala wa kikoloni, na ya waliosaliti yatachochea uhasama. Kijijini kwetu nyumba ya homugadi na nyumba ya mahabusu zinatazamana. Tumeoana, tumezikana, watoto wamesoma shule moja. Kila mtu anajua babu ya nani alikuwa upande gani. Tusilolijua ni nani alilazimishwa, nani alijitolea, nani alikuwa na bunduki na nani alikuwa na mkuki tu, na shamba lililopimwa na kuandikwa jina la mwingine wakati mwenyewe yuko kambini lilihamishwa kwa amri ya nani. Pale pasipo na karatasi, uvumi ndio unaotawala, na uvumi humhukumu hata asiye na kosa. Wapo wajukuu wa homugadi wanaotaka majalada haya yafunguliwe kuliko mimi.

Na isisemwe kwamba nawaelekezea kidole Waingereza peke yao. Serikali za Kenya huru ziliacha marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau isimame hadi mwaka 2003. Miaka 40 baada ya uhuru, mzee aliyepigania nchi hakuweza kisheria kukusanyika na wenzake kwa jina hilo. Wapo waliofurahia majalada yakae London. Ndiyo maana nakala ya barua hii inakwenda pia kwa waziri wetu: Katiba yetu, katika Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na nataka serikali yangu iwadai Waingereza kwa maandishi, rasmi, bila kunong'ona kwenye karamu.

Mfalme Charles alipofika Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023 alisema hakuna udhuru wowote kwa ukatili waliotendewa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru wao. Nayachukua maneno ya Mfalme kama yalivyosemwa, na yanayofuata ni mambo ambayo serikali yake inaweza kuyafanya bila sheria mpya.

Kwanza, chapisheni orodha kamili ya nyaraka zote zinazohusu kambi za vizuizi, mahojiano na mahabusu wa Kenya, popote zilipo katika serikali yenu, zikiwemo zile za jeshi na idara za ujasusi. Orodha hiyo ionyeshe zilizofunguliwa, zilizozuiwa na sababu ya kila moja kuzuiwa.

Pili, chapisheni hati zote za uteketezaji zilizosalia, pamoja na maelezo ya kilichojulikana kuhusu vilivyochomwa na vilivyozamishwa.

Tatu, undeni uchunguzi wa makasha 13 yaliyopotea, usiosimamiwa na wizara iliyoyapoteza. Mwanahistoria wa Kenya na mtaalamu wa nyaraka wa Kenya wawemo.

Nne, pigeni picha majalada yote ya Kenya yaliyo katika FCO 141 na kuyaweka kwenye intaneti bila malipo, yakiwa na faharasa ya majina ya watu na ya kambi. Faharasa ni muhimu kuliko picha zenyewe. Mjukuu hatafuti siasa ya Gavana. Anatafuta jina la babu yake, ambalo huenda liliandikwa na karani aliyekosea herufi tatu kati ya saba.

Tano, tupeni kumbukumbu za maziko. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa wakati wa Hali ya Hatari. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na hadi leo familia yake haijakabidhiwa kaburi lake. Gereza lilikuwa na rejista, na afisa aliyesimamia maziko alikuwa na kalamu. Kama rejista hiyo iko kwenu, itoeni. Kama iliteketezwa, semeni hivyo kwa maandishi, mwaambie watoto wake wazi.

Sita, rudisheni asili za majalada hayo Nairobi kwa ratiba iliyokubaliwa na nchi zote mbili, nakala zibaki Kew kwa ajili ya raia wenu, ambao nao wana haki ya kujua yaliyofanywa kwa jina lao.

Naomba jibu lako lije kwa maandishi ndani ya siku 90, na litolewe hadharani kama nilivyoandika hadharani. Liwe na jibu kwa kila ombi kati ya haya sita, kila moja peke yake, hata kama jibu ni hapana. Na litolewe kwa Kiswahili pia, kwa kuwa wazee wengi waliobaki hawakupelekwa shule, na itabidi wasomewe.

Wako kwa heshima,

Mjukuu wa mahabusu wa Manyani na Mwea,
Nyeri, Kenya.